OGame: Mgodi Ukipanda na Umeme Ukabaki Chini

Akaunti mpya ya OGame inakukabidhi sayari moja tupu, metali 500 na kristali 500. Deuteri, rasilimali ya tatu, hakuna, na umeme ni sifuri. Mchezo huu wa kujenga sayari na kupigana kwa meli za angani, ulioanzia Ujerumani mwaka 2002, unachezwa ndani ya kivinjari, hauli bando, wala hauna papara: jengo la siku ya kwanza linakamilika huku unatazama, la mwezi wa tatu linakula usiku mzima. Ndiyo maana kosa la mapema halionekani mapema. Mtu anajenga vibaya wiki ya kwanza, anakuja kushtuka wiki ya nne majirani wamemwacha mbali, na hajui pengo lilianzia wapi. Mara nyingi lilianzia kwenye umeme.

Hesabu zote zilizomo humu ni za seva ya kasi ya kawaida. Kwenye seva ya kasi mara nne, zidisha uzalishaji kwa nne. Gharama na matumizi ya umeme havibadiliki.

Zile 500 za mwanzo zinatosha kufika mahali pazuri bila kusubiri, mradi ufuate mpangilio. Mtambo wa sola leveli 1, mgodi wa metali 1, metali 2, sola 2, metali 3. Jumla ni metali 472 na kristali 145. Sola ya leveli 2 inatoa umeme 48, mgodi wa metali leveli 3 unakula 40, kwa hiyo kila kitu kinazunguka asilimia mia. Kutoka hapo unasubiri metali 168 (na kristali 67 ambazo tayari unazo) upandishe sola ya leveli 3, umeme unafika 79, ndipo metali 4 inayokula 59 na mgodi wa kwanza wa kristali unaokula 11 vinaingia bila kubanana. Ukishajenga vyote hivyo bado una kristali 214 mfukoni za zile za mwanzo. Anayekimbilia mgodi wa kristali kabla ya hapo anachimba kitu ambacho hajaanza kukihitaji, huku metali, ambayo karibu kila jengo linaidai, ikimkaba koo.

Fomyula zenyewe si siri, na kuzijua kunaokoa wiki nyingi. Mgodi wa metali unatoa kwa saa 30 mara leveli mara 1.1 kwa kipeo cha leveli. Wa kristali ni hivyo hivyo lakini unaanza na 20. Wa deuteri unaanza na 10, kisha unazidishwa na namba ya baridi: 1.44 toa 0.004 mara nyuzi za juu kabisa za joto la sayari. Upande wa umeme, mgodi wa metali na wa kristali kila mmoja unakula 10 mara leveli mara 1.1 kwa kipeo cha leveli. Wa deuteri unakula maradufu, na mtambo wa sola unazalisha kiasi kile kile cha maradufu, yaani unaanza na 20. Kwa maneno mengine, mtambo wa sola wa leveli fulani unalisha migodi miwili ya leveli hiyo hiyo, wa metali na wa kristali, au mmoja wa deuteri peke yake. Mitatu kwa pamoja haiwezi.

Chukua sayari ya nyuzi 40 yenye migodi mitatu, yote leveli 10. Inapaswa kutoa metali 778, kristali 518 na deuteri 332 kwa saa. Inadai umeme 1,039. Sola inayotosheleza ni ya leveli 14, yenye 1,063. Sasa mwenye sayari ana sola ya leveli 12 tu, yenye 753. Mchezo haumzimii mgodi mmoja. Unamkata mitatu yote kwa uwiano mmoja, asilimia 72 na kidogo. Anapata metali 564, kristali 376, deuteri 241.

Anaona mgodi wa metali leveli 11 unauzwa metali 3,459 na kristali 864, rahisi, anaununua. Kwenye maelezo imeandikwa utaongeza 163 kwa saa. Lakini mgodi huo mpya unadai umeme zaidi, uwiano unashuka hadi asilimia 69, na anachovuna kweli ni metali 84 za ziada, huku kristali ikipungua 19 na deuteri 12. Ukithaminisha kwa kiwango ambacho wachezaji wengi hubadilishana, metali 3 kwa kristali 2 kwa deuteri 1, amebaki na faida ya metali 20 hivi kwa saa. Ule mgodi utamrudishia gharama baada ya siku 10. Angenunua sola ya leveli 13, metali 9,730 na kristali 3,892, machoni ni ghali karibu mara tatu, lakini inapandisha migodi yote mitatu kwa mpigo: metali 108, kristali 71 na deuteri 46 zaidi kila saa. Inajilipa ndani ya siku mbili.

Na kama hana za kununulia sola leo? Kuna ukurasa wa mipangilio ya rasilimali ambao wengi hawaufungui kabisa. Humo kila mgodi unaweza kushushwa kwa hatua za asilimia kumi kumi. Mwenye umeme 753 akishusha deuteri hadi asilimia 40, matumizi yanakuwa 728, metali na kristali zinarudi kwenye 778 na 518 kamili, na deuteri inabaki 133. Amepoteza deuteri 108, amepata metali 214 na kristali 142. Kwa kiwango kile kile cha mabadilishano yuko mbele, tena wiki za mwanzo deuteri haina kazi kubwa zaidi ya utafiti na kiwanda cha roboti. Usisahau tu kuirudisha juu sola ikikamilika, mchezo hautakukumbusha.

Sola haipandi milele. Bei yake inaongezeka kwa nusu kila leveli, wakati nguvu inayoongezeka ni ndogo zaidi ya hapo. Hapo ndipo setilaiti za sola zinaingia: kristali 2,000 na deuteri 500 kila moja, zinajengwa kwenye karakana ya meli (karakana yenyewe inataka kiwanda cha roboti leveli 2). Setilaiti inatoa umeme kwa kufuata joto: nyuzi za juu za sayari jumlisha 140, gawa kwa 6. Sayari ya nyuzi 40 inapata 30 kwa setilaiti, ya nyuzi 100 inapata 40, na ya nyuzi 40 chini ya sifuri inapata 16 tu. Kwenye sayari ile ya nyuzi 40, hadi sola ya leveli 14 mtambo bado ni nafuu. Kuanzia leveli ya 15 setilaiti zinashinda, na baadaye zinashinda vibaya mno. Kupandisha sola kutoka 20 hadi 21 ni metali 249,394 na kristali 99,758 kwa umeme 417. Setilaiti 14 zinatoa umeme huo kwa kristali 28,000 na deuteri 7,000.

Mbona basi kuna watu wenye sola ya leveli 24? Kwa sababu setilaiti inahesabiwa kama meli, na meli hupigwa. Majengo hayapigwi. Setilaiti ikilipuliwa, kwenye seva za kawaida asilimia 30 ya kristali yake inabaki angani kama vifusi, yaani 600 kila moja. Setilaiti 100 zisizo na ulinzi ni kristali 60,000 zinazoelea juu ya sayari yako, na meli tatu za kukusanya vifusi, kila moja yenye nafasi ya 20,000, zinatosha kuzibeba. Jirani anayekupeleleza hahitaji hata kuangalia ghala. Yeye akishaondoka, migodi inashuka hadi nguvu ya sola peke yake, na wewe umelala. Kwa hiyo idadi ya setilaiti inakwenda pamoja na ulinzi. Virusha roketi vya metali 2,000 kila kimoja ndivyo vya kuanzia, na vikivunjwa vitani asilimia 70 hivi hurudi vyenyewe baada ya pambano. Lengo si kumshinda mvamizi. Lengo ni meli atakazopoteza zizidi thamani ya vifusi, aende kwa mwingine.

Kinu cha fusheni tunakitaja kwa ufupi kwa sababu wanaokipenda wanakipenda mapema mno. Kinataka mgodi wa deuteri leveli 5 na utafiti wa nishati leveli 3. Kinu cha leveli 5, utafiti ukiwa 3, kinatoa umeme 220 na kinameza deuteri 81 kwa saa, karibu 1,950 kwa siku. Setilaiti nane zinatoa zaidi ya hapo, na deuteri yake 4,000 unalipa mara moja basi. Kinu kinaanza kuwa na maana utafiti wa nishati ukishapanda sana, au kwenye sayari ya baridi ambako setilaiti hazifui dafu.

Ghala ni jambo dogo linaloumiza wengi. Bila ghala lolote, sayari inashika 10,000 ya kila aina. Mgodi wa metali leveli 12 pamoja na zile 30 za bure zinazotolewa na sayari kwa seva za sasa ni kama 1,159 kwa saa, na 10,000 zinajaa kwa saa nane na nusu. Likijaa, mgodi unasimama. Ghala la metali leveli 1 ni metali 1,000 na linabeba 20,000. La pili 40,000. La tatu 75,000. La nne 140,000. La tano 255,000. Bei yake inajirudia mara mbili kila leveli. Huhitaji kubwa kuliko uzalishaji wa usiku mmoja na gharama ya jengo linalofuata. Mgodi wa metali leveli 21 unagharimu metali 199,515, kwa hiyo mwenye ghala la leveli 4 hatafika huko kwa kuchimba tu hata akisubiri mwaka. Zinazoletwa na meli kutoka sayari nyingine zinapokelewa hata ghala likiwa limejaa, na huo ndio mlango wa nyuma wa wasiotaka kupoteza kiwanja kwa ghala.

Kila leveli ya jengo lolote inakula kiwanja kimoja, na viwanja vina mwisho. Leveli nane za ghala usizozihitaji ni leveli nane za migodi utakazozililia baadaye.

Kiwanda cha roboti kinagawa muda wa ujenzi: jumla ya metali na kristali za jengo, gawa kwa 2,500, kisha gawa kwa leveli ya roboti jumlisha moja. Jibu ni saa. Ule mgodi wa metali 21, ambao una pia kristali 49,878, bila roboti ungechukua saa karibu 100. Roboti leveli 5 inaushusha hadi saa 16 na nusu, leveli 10 hadi saa 9. Angalia mwendo wake: leveli ya kwanza inakata muda nusu kwa metali 400, kristali 120 na deuteri 200. Leveli ya kumi inapunguza sehemu moja ya kumi na moja tu kwa metali 204,800, kristali 61,440 na deuteri 102,400. Tano au sita zinatosha kwa muda mrefu. Sababu ya kweli ya kufika kumi ni kiwanda cha nanaiti, kinachotaka roboti 10 na utafiti wa kompyuta 10, na ambacho kila leveli yake inakata muda wote nusu. Ya kwanza ni metali milioni 1, kristali 500,000 na deuteri 100,000. Mwenye sayari mbili tu hana shughuli nayo. Majengo yake hayacheleweshwi na muda, yanacheleweshwa na mfuko.

Swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza chochote ni moja: inarudisha lini? Mgodi wa metali 11 wenye umeme wa kutosha unarudisha gharama zake kwa saa 29. Mgodi wa metali 21 unaongeza 626 kwa saa na unahitaji siku 18. Tena hiyo ni bila umeme. Leveli hiyo inadai umeme 209 zaidi, yaani setilaiti saba kwenye sayari ya nyuzi 40, na hesabu inafika siku 20. Kristali inakuwa ghali haraka zaidi kwa sababu bei yake inazidishwa na 1.6 badala ya 1.5 kila leveli: mgodi wa kristali 16 unarudisha kwa siku 12 na kidogo, ukiangukia katikati ya metali 19 na metali 20. Ndiyo maana akaunti nyingi zenye afya zina metali iliyo juu ya kristali kwa leveli tatu au nne. Anayezipandisha sambamba kwa kupenda usawa wa macho analipia usawa huo.

Sasa linganisha ule mgodi wa 21 na koloni la kwanza, yaani sayari yako ya pili. Utafiti wa astrofizikia leveli 1 ni metali 4,000, kristali 8,000 na deuteri 4,000, ukishakuwa na utafiti wa upelelezi leveli 4 na wa injini ya impalsi leveli 3. Meli ya koloni ni 10,000, 20,000 na 10,000. Kujenga mgodi wa metali kuanzia sifuri hadi leveli 15 ni metali 52,427 na kristali 13,107 kwa jumla, na sola hadi leveli 12 ya kuulisha ni metali 19,312 na kristali 7,725. Yote hayo kwa pamoja ni nafuu kuliko mgodi mmoja wa leveli 21, na yanatoa metali 1,879 kwa saa. Yanajilipa kwa siku nne na nusu. Hakuna jengo nyumbani linaloshindana na hilo, na bado tunaona watu wenye mgodi wa metali leveli 22 kwenye sayari moja wakisema koloni ni anasa. Astrofizikia inatoa koloni jipya kila leveli isiyo shufwa, kwa hiyo la pili linadai leveli ya 2 na ya 3 pamoja. Hesabu inakuwa nzito zaidi lakini bado inashinda kwa muda mrefu.

Mahali pa koloni pana uzito wake. Mfumo wa jua una nafasi 15, ya 1 karibu na jua, ya 15 mbali. Kwenye seva za sasa nafasi ya 8 inaongeza metali kwa asilimia 35, ya 7 na 9 kwa 23, ya 6 na 10 kwa 17. Nafasi ya 1 inaongeza kristali kwa asilimia 40, ya 2 kwa 30, ya 3 kwa 20. Nafasi za mwisho ni za deuteri: sayari ya nyuzi 100 chini ya sifuri yenye mgodi wa deuteri 10 inatoa 477 kwa saa badala ya 332 za nyumbani, ila setilaiti huko inatoa umeme 6 tu. Ukiipenda deuteri hiyo, jiandae na sola ndefu.

Yote haya yanaliwa kwa uvamizi mmoja kama hujui kulala. Mvamizi wa kawaida anabeba hadi nusu ya kila kilichopo ghalani. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo la saa: saa tano usiku, unapozima simu Nairobi au Dar es Salaam, Ujerumani ni saa tatu usiku wakati wa baridi na saa nne wakati wa kiangazi. Ndio kwanza wachezaji wa huko wametoka kula, wamekaa kwenye kompyuta, na ghala lako limejaa mavuno ya kutwa nzima.

Dawa ya kwanza ni kulala maskini. Rasilimali iliyolipiwa jengo haiporwi, kwa hiyo jengo la gharama kubwa lianzishwe usiku, si asubuhi. Mgodi wa 21 kwa roboti 10 unaenda saa tisa, sawasawa na usingizi. Hata usipolitaka jengo, kulianzisha pale unapoona meli za adui zinakuja kunaficha gharama yake yote. Zikishapita unalisitisha na unarudishiwa kila kitu. Angalizo: usitumie maabara kwa ujanja huu kama una utafiti unaotaka kuanzisha, maana maabara inayopandishwa haipokei utafiti.

Kinachobaki kinapandishwa kwenye meli. Meli kubwa ya mizigo ni metali 6,000 na kristali 6,000, inabeba 25,000 bila nyongeza za utafiti. Ndogo ni 2,000 na 2,000 kwa nafasi ya 5,000. Kubeba 300,000 ni kubwa 12 au ndogo 60, na hizo 60 zinagharimu zaidi ya mara moja na nusu. Zipeleke kwa amri ya kuhamia koloni lako jingine, kwa kasi ya chini kabisa, asilimia 10, ili zifike baada ya wewe kuamka. Ukiamka kabla hazijafika na unazitaka nyumbani, ziite: muda wa kurudi ni sawa na muda ambao zimeshakwenda. Zikiwa zimeruka saa saba, zitarudi kwa saa saba nyingine, kwa hiyo amua hilo kabla ya chai.